Usimfungulie Mnyama Kabla ya Kuikagua Nyumba

Jioni magari yanapokwama katika Barabara ya Ngong au Waiyaki Way, wachuuzi hupita kati ya safu wakiwa wameshika watoto wa mbwa na sungura mikononi. Mtoto aliye kiti cha nyuma huomba, mzazi aliyechoka hulegea, bei hupatikana kabla magari hayajasonga, na mnyama huingia garini bila cheti cha chanjo wala neno lolote kuhusu chakula chake. Ifikapo saa mbili usiku yuko ghorofani Kilimani au Kileleshwa, ameachiwa huru sebuleni, watoto wanamfuata kwa vifijo. Hakuna aliyeinama kutazama kilichoko chini ya kochi, nyuma ya friji na chini ya sinki.

Aliyemtoa mnyama kizimbani amejitwika dhamana ya kila kitu ambacho mnyama huyo atakifikia kwa pua, kwa ulimi na kwa meno. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatafakari, wakazi wa jiji hili la Nairobi. Sisemi wanyama wafungiwe. Sungura anayekaa maisha yake yote ndani ya sanduku la waya hudhoofika mifupa na misuli, na paka aliyefungiwa chooni mchana kutwa huharibika tabia. Kumfungulia ni jambo jema. Lakini jema hilo lina kazi yake, na kazi hiyo hutangulia.

Wazazi wetu hawakuhitaji kuambiwa haya kwa kirefu. Paka wao alilala jikoni karibu na mafiga akatoka alipotaka, sungura alikaa katika banda la mbao nyuma ya nyumba, na dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikaa stoo penye kufuli. Kileleshwa na Lavington nako, nyumba za chini zenye bustani na ua zilikuwa kawaida hadi juzijuzi. Leo nyingi zimebomolewa na fleti zimesimama mahali pake. Mnyama aliyekuwa na robo eka sasa ana vyumba vitatu vya vigae, na ndani ya vyumba hivyo tumerundika sumu, waya, mapipa ya maji na madawa ambayo zamani yalikuwa yametawanyika shambani, dukani na zahanatini. Makao yamebadilika upesi. Desturi zetu za kufuga zimebaki nyuma.

Nianze na dawa ya panya, na hapo nitakaa kidogo. Ukipita River Road, Nyamakima au stendi ya Kawangware utasikia kipaza sauti kidogo kikirudia wito ule ule: panya, mende, kunguni, viroboto. Pakiti hununuliwa kwa fedha kidogo sana, na mara nyingi haina maandishi ya kutosha kumjulisha mnunuzi amebeba nini. Naye akifika nyumbani huichanganya na ugali au samaki, akaitega nyuma ya jiko, akalala kwa amani.

Sumu hizo si za aina moja, na tofauti yake ni jambo la uhai. Kuna unga wa rangi ya kijivu iliyokolea, wenye harufu inayokaribia kitunguu saumu, uitwao zinki fosfidi. Ukikutana na asidi ya tumboni hutoa hewa ya fosfini, na mnyama mdogo anaweza kufa katika saa chache. Hauna dawa ya kuutengua. Ubaya wake hauishii kwa mnyama: paka aliyeula akitapika ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ile ile huwadhuru waliomzunguka kumsaidia. Madirisha yafunguliwe kwanza, watoto watolewe nje.

Aina ya pili huzuia damu isigande. Hii ni ya hila zaidi, kwa kuwa mnyama huila leo akacheza kesho na keshokutwa. Huenda siku tatu au zaidi zikapita ndipo aanze kulegea, ufizi uwe mweupe, damu imtoke puani au ivujie kifuani bila kuonekana. Wengi hudhani ni homa. Laiti wangempeleka siku ile ile alipoonekana akilamba chambo! Kwa sumu hii dawa ipo: vitamini K1, anayopewa chini ya uangalizi wa daktari kwa majuma kadhaa. Bila kumpeleka hospitali, haimsaidii mtu.

Tena paka hahitaji kuila sumu yenyewe. Panya aliyekula chambo hupepesuka na kupoteza woga, akawa windo rahisi, na paka akimla huingia sumu ile tumboni mwake. Nawaambia hasa wenye maduka ya nafaka ya Nyamakima na wenye hoteli za katikati ya jiji, ambao wengi wao huweka paka ili magunia yasitobolewe: ukimfuga paka kwa ajili ya panya kisha ukatandaza sumu ya panya, umemtega mfanyakazi wako mwenyewe. Chagua moja. Matundu yazibwe kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na kupakwa saruji juu yake, nafaka ikae kwenye madebe yenye vifuniko, mitego ya kubana iwekwe ndani ya kabati ambamo pua ya paka haiingii. Ni kazi ya mwisho wa juma mmoja.

Na wewe mwenye ploti, au msimamizi wa fleti, unayemwita mtu wa kunyunyizia ngazi na vibaraza: wapangaji wana haki ya kuarifiwa siku moja kabla, na kuambiwa ni dawa gani. Bango moja la karatasi mlangoni linatosha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumpa mnyama sumu kwa makusudi bila sababu ya haki kuwa kosa. Wengi wetu hatuna makusudi hayo. Lakini uzembe unaojirudia kila mwezi, na wapangaji wakilalamika kila mwezi, unautofautishaje na makusudi?

Baada ya sumu tunayoijua kwa jina hilo, zipo zile tunazoziita dawa. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, kile tunachokimeza kichwa kinapouma, kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja kemikali hiyo. Damu hushindwa kubeba hewa safi, ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba. Wapo wanaompa paka nusu kidonge kwa huruma, wakiona anachechemea. Huruma isiyo na maarifa imewaua wanyama wengi ambao jeraha lenyewe lisingewaua. Ibuprofen nayo ni hatari kwa paka na mbwa. Basi kidonge kilichoanguka chini ya kitanda kitafutwe mpaka kipatikane.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za viroboto na kupe. Kenya iliwahi kutoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima, na wakulima wa Molo na Kisii walisomesha watoto kwa maua yale meupe. Viwanda vikaiga kemikali ya pareto vikatengeneza nyingine zenye nguvu na za kudumu, mojawapo permethrini. Mbwa huivumilia. Paka akitiwa matone ya permethrini yaliyokusudiwa mbwa hutetemeka, hupigwa na kifafa, na asipotibiwa upesi hufa. Vivyo hivyo amitrazi, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo wengi huinunua kwenye duka la agroveti wakamwogeshea mbwa: paka na sungura wasiguswe nayo kabisa. Fipronili, ambayo mbwa na paka huitumia salama, humuua sungura. Usikadirie kwa jicho. Soma pakiti, na ikiwa haimtaji mnyama ulionaye, irudishe rafuni.

Meno ya sungura na ya simbilisi hayakomi kukua, kwa hiyo kutafuna kwao si utundu wa kuadhibiwa kwa kofi, ni haja ya mwili. Ndani ya fleti kitu laini kinachotafunika, kilicho chini na kimejificha, ni waya. Umeme wetu ni volti 240. Sungura akiukata waya wa televisheni hupigwa palepale. Akinusurika na kuungua mdomo tu, mapafu yake yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati wenye nyumba wameshamshukuru Mungu na kwenda kulala. Waya zinyanyuliwe ukutani au zipitishwe ndani ya bomba gumu la plastiki la mafundi umeme. Soketi za sakafuni zizimwe. Naye apewe cha kutafuna: nyasi kavu mchana kutwa, na matawi ya mti unaojulikana kuwa salama.

Nikiri mti wenyewe si wa kuokotwa popote. Nairobi tuna miparachichi mingi kuanzia Kabete hadi Karen, na mtoto akitaka kumkatia sungura majani huuendea huo kwanza. Majani ya mparachichi yana kemikali iitwayo persini inayoharibu moyo wa sungura, wa simbilisi na wa ndege. Tunda lenyewe pia wasipewe. Majani ya viazi na ya nyanya vilevile hayafai. Na jambo ambalo wafugaji wapya hawalijui: sungura na simbilisi hawawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Sasa maji. Tangu Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua na Kampuni ya Maji ya Nairobi ikaanza mgao, kila nyumba imejifunza kuweka akiba. Bafu lina pipa, jikoni kuna ndoo tatu, kwenye roshani kuna karai la nguo zilizolowekwa. Sote tunajua hatari yake kwa mtoto anayetambaa, na ndiyo maana mama mwenye mtoto mchanga hufunika pipa bila kuambiwa. Mtoto wa paka ni yule yule mtambaaji, ila huyu anaweza kuruka juu ya ukingo. Akitumbukia, kucha hazishiki plastiki, na ndoo iliyojaa nusu ni mbaya kuliko iliyojaa, kwa maana ukingo uko mbali. Kifuniko kinachobana, au ubao uliowekewa jiwe, basi. Na mashine ya kufulia, kwa walio nayo, itazamwe ndani kabla ya kufungwa: paka hupenda nguo zenye joto.

Mwezi wa saba, baridi ya Dagoretti na Kabete inapoingia mifupani, majiko ya makaa huletwa ndani. Kila mwaka husikika habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na mnyama mdogo, anayepumua haraka na kulala sakafuni karibu na jiko, hulemewa mapema. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walibeba ndege wadogo migodini kwa sababu hiyo hiyo, na mpaka mwaka 1986 bado walikuwa nao, ndipo mitambo ilipochukua nafasi yao. Basi ukimwona sungura wako amelala ubavu karibu na jiko na haamki ukimgusa, usimshughulikie yeye kwanza. Toa watu, fungua mlango.

Wenye ndege waongeze tahadhari nyingine. Kikaangio kisichoshika chakula, kikiachwa kitupu juu ya gesi hadi kikapita nyuzi 280 hivi, hutoa mvuke unaoua kasuku wadogo kwa dakika chache, hata wakiwa chumba cha pili. Binadamu pengine hakohoi hata mara moja. Ndege na jikoni visikutane. Na kwa kuwa nimetaja kasuku, niseme pia kwamba kobe anayeokotwa barabarani Karen, na kasuku wa kijivu anayeuzwa kwa siri, si wa kufugwa bila kibali. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iko wazi.

Roshani ndiyo inayonisumbua zaidi kila nikitazama majengo mapya yanavyopanda. Watu husema paka ana roho tisa, huanguka akasimama kwa miguu minne. Mwaka 1987 madaktari wawili wa wanyama wa New York, Wayne Whitney na Cheryl Mehlhaff, walichapisha habari za paka 132 walioletwa hospitalini mwao ndani ya miezi mitano baada ya kuanguka kutoka ghorofani. Kati ya waliotibiwa, tisa katika kila kumi walipona. Taarifa hiyo imenukuliwa mno na watu wanaotafuta sababu ya kutofanya lolote. Hawaendelei kusoma: paka wale walikuwa na vifua vilivyopasuka ndani, taya zilizovunjika, miguu iliyokatika. Na hesabu ile ni ya walioletwa hospitalini tu. Aliyekufa papo hapo kwenye saruji hana wa kumbeba kwa daktari. Sungura na simbilisi hawana hata ustadi huo wa kujigeuza angani. Mgongo wa sungura ni mwepesi kuvunjika hata akiruka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama.

Vyuma vya roshani nyingi vimepimwa kwa kichwa cha mtoto, si kwa kiwiliwili cha paka. Wavu wa waya wa kuku, uliofungwa kuanzia sakafuni hadi juu, unazuia, na fundi yeyote wa mtaani anajua kuufunga. Unazuia pia mwewe. Wakazi wa Westlands na Kileleshwa wanawaona wakizunguka juu ya paa mchana kutwa; anayenyakua kifaranga hatamwacha mtoto wa sungura aliyewekwa kwenye roshani apate jua.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Mchuzi wetu hauna maana bila kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na mbwa. Mabaki ya mchuzi yasiwe chakula cha mnyama, hata kama amezoea. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha. Chokoleti na makadamia zisiachwe mezani penye mbwa. Uzi wa kushonea wenye sindano, mpira wa kufungia pesa, vipande vya nywele za kusukia vilivyobaki sakafuni baada ya jioni ya msuko: paka akivimeza, utumbo hujikunja juu ya uzi ule ukakatika. Na anayenunua maua City Market, Muindi Mbingu, aliye na paka nyumbani achukue waridi, asichukue maua ya lili. Hata chavua ya lili iliyodondokea manyoya, paka akijilamba, humharibu figo na kumuua.

Najua jibu litakalotolewa. Katika jiji ambamo mtoto analala njaa Kangemi, mbona tunawahurumia sungura wa Lavington? Swali hili lina heshima yake na sitalikwepa. Kwanza, sungura na paka hawafugwi na matajiri peke yao. Kangemi na Kawangware wapo, ndani ya chumba kimoja, na huko ndiko dawa ya panya, jiko na ndoo vinakobanana zaidi na mtoto wa mtu. Pipa lililofunikwa kwa ajili ya paka limefunikwa pia kwa ajili ya mtoto. Sumu iliyoondolewa chini ya kitanda imeondolewa kwa wote wawili. Pili, hakuna aliyelazimishwa kumchukua mnyama. Waislamu wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, naye Mkristo amefundishwa katika Mithali kwamba mwenye haki huijali nafsi ya mnyama wake. Hakuna dini wala mila yetu inayoruhusu kumleta kiumbe ndani kwa hiari kisha kumwacha afe kwa kutojali.

Fanya hivi kabla hujamfungulia. Piga magoti, kisha tambaa. Zunguka chumba kizima uso ukiwa chini alipo yeye, utaona waya, kidonge, pakiti na mwanya nyuma ya friji ambavyo hujawahi kuviona ukiwa wima. Fungua chumba kimoja kwanza, si nyumba nzima. Kaa naye humo. Akishakuonyesha anachopenda kutafuna na anakojificha, ndipo ufungue cha pili. Wenye magari nao wapige boneti kabla ya kuwasha asubuhi ya baridi, maana paka wa mtaa hulala juu ya injini yenye joto.

Na ajali ikitokea, usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Mtie katika katoni yenye taulo, chukua pakiti ya alichokula au kipande cha mmea, mpeleke. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete; chama cha kuwalinda wanyama, KSPCA, kilichoanza mwaka 1910, kiko Karen; na mtaani kwako huenda kuna daktari aliyesajiliwa ambaye hujawahi kumsalimu. Mtafute leo. Namba yake iandikwe kwa herufi kubwa kwenye mlango wa friji, na dada anayekusaidia nyumbani aelezwe yote haya kwa utulivu, aambiwe nini ni sumu kwa nani, aruhusiwe kupiga simu na kuita teksi bila kukuomba ruhusa kwanza, kwa sababu saa nne asubuhi wewe uko ofisini na yeye ndiye aliye na mnyama.